Kabla ya Kuijaribu Diski

Kila alasiri, baada ya duksi, darasa la Kurani, Ebla alipitia ofisi ya mama yake mdogo, Fowsiya, mjini Garissa. Alipangusa vumbi, akanywa chai ya maziwa, kisha akafanya hesabu zake za darasa la saba.

Mwaka huo wa 1997 ofisi ilikuwa na kompyuta moja. Ndani yake mlikuwa na majina ya familia mia nne za kambi za Dadaab zilizotafuta jamaa waliopotezana nao vitani. Karatasi za majina hayo zilikuwa zimekwisha kuharibiwa na mvua.

Jumatano mashine ilianza kukwaruza. Fundi Guleid akaitwa, akaitegea sikio.

"Diski yako inalalamika, abaayo Fowsiya. Nitaijaza maandishi hadi pomoni, kisha niyasome tena, nione kama bado ina nguvu. Ngamia mgeni hubebeshwa mawe kwanza. Lakini jaribio hili hufuta kila kilichomo. Nakala zipo?"

"Zipo kwenye flopi tatu. Ebla alizinakili jana. Sivyo, Ebla?"

Ebla aliitikia kwa kichwa. Kweli, flopi ya kwanza aliijaza. Zile mbili alizibandika lebo tu, akakimbilia kuruka kamba na rafiki yake Mulki.

Guleid alinyoosha kidole kwenye kitufe. Ebla akamkumbuka mama mmoja aliyekuja kutaja wanawe watatu, akirudia kila jina ili lisikosewe.

"Mjomba, ngoja!" alipaza sauti. "Flopi mbili ni tupu. Nimedanganya."

Kidole kikabaki hewani.

"Wallahi, Ebla!" Fowsiya alishika kichwa. "Lebo nzuri hivi, ndani hamna kitu?"

"Kibuyu kimepambwa, maziwa hakuna," Guleid akasema, akivuta kiti. "Haya, leta hizo flopi."

Walinakili majina yote, wakafungua kila flopi kuhakikisha. Ndipo Guleid akaanza jaribio. Dakika ishirini baadaye diski ilikwaruza kwa nguvu, ikanyamaza. Haikuamka tena.

"Alhamdulillahi!" Fowsiya alishusha pumzi, akacheka huku machozi yakimlengalenga. Akamvuta Ebla karibu. "Ungenyamaza, watu hawa wangepotea mara ya pili. Kazi uliyopewa, imalize. Usipoimaliza, sema mapema. Aibu ya kusema ni ya siku moja, hasara ya kuficha haina mwisho. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama mdogo."

"Vizuri. Hata hivyo, Guleid akishafunga diski mpya, flopi zako nitazifungua mwenyewe."