Mshipi Uliopima Safari ya Ndege

Kila asubuhi, mwaka ule wa 1956, Mwanapili alikuwa akimpokea baba yake pwani ya Msambweni, akimwanikia mishipi yake ya kuvulia, ndipo akimbilie shule. Siku moja hakuianika yote. Kipande kimoja alikwenda nacho kiganjani, kikidondoka maji.

Mwalimu Kenga alikuwa amewapa kazi ya kusisimua. "Nani atanipimia safari ya ndege kutoka Nairobi hadi London? Inakwenda maili mia tatu kwa saa. Atakayepatia nitampeleka Mombasa Jumamosi akaione ndege kwa macho yake. Nafasi ni moja tu."

Mwanapili aliunyoosha mshipi juu ya tufe kubwa la dunia, akapiga fundo penye Nairobi na jingine penye London. Kengele ikalia. Kesho yake aliulaza kwenye rula, akapata inchi tisa. Kila inchi ya tufe lile ilikuwa maili mia tano, basi safari ilikuwa maili elfu nne na mia tano: saa kumi na tano angani!

"Mimi nasema kumi na nne," alisema mwenzake Ngala, na darasa zima likamcheka. Mwalimu alimpa Mwanapili nafasi ile, naye akarudi nyumbani kwa madaha, na nani angemlaumu?

"Shikamoo baba! Jumamosi ninakwenda kuona ndege!"

"Marahaba mwanangu. Mashaallah!" Baba akautazama mshipi, akaguna. "Mafundo haya uliyapiga mshipi ungali umelowa?"

"Ndiyo, baba."

"Basi hesabu imekwenda mrama. Mshipi wa pamba ukilowa hufupika, ukikauka hurefuka. Wewe binti wa mvuvi hulijui hilo?"

Mwanapili aliyatazama mafundo yale mawili. Hakuna mwingine aliyelijua kosa lile. Aliitamani ndege ile mpaka machozi yakamlengalenga. Hata hivyo, asubuhi alisimama mbele ya wenzake wote.

"Mwalimu, nilikosea. Naomba nipime tena, kwa mshipi mkavu."

Safari hii alipata inchi nane na kidogo: maili elfu nne na mia mbili, saa kumi na nne. Macho yote yakamgeukia Ngala. Naye akainamisha kichwa.

"Mwalimu, mimi nilibahatisha tu. Sikupima kitu."

Darasa likaangua kicheko, na Mwalimu akacheka kuliko wote. "Basi nafasi ni ya aliyepima," alisema.

Jumamosi ndege ilitua Mombasa kwa ngurumo kubwa, Mwanapili akaziba masikio. Mwalimu Kenga alimwuliza rubani swali lao, kisha akamgeukia Mwanapili.

"Anasema kumi na nne, ukiacha muda wa kutia mafuta njiani."

Mwanapili aliruka juu, akapiga kelele za furaha mpaka wasafiri wakageuka kumtazama.

"Furahi, binti yangu," alisema Mwalimu. "Kukosea si aibu, kila mtu hukosea. Aibu ni kulijua kosa ukalificha. Ungenyamaza, leo ungekuwa hapa ukiiona ndege, lakini jibu la rubani ungeliogopa."