Masizi Ndani ya Chupa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule huwa namenya viazi. Mama huwasha jiko la mkaa mapema, mimi hukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na mdogo wangu wa kiume hujifanya ananisaidia, kumbe kazi yake ni kuwarushia maganda kuku wa jirani. Kibanda chetu kiko kando ya barabara, karibu kabisa na geti la shule. Mama anauza viazi vya kukaanga na mayai. Sare zetu, madaftari, sabuni na kodi ya chumba, vyote vinatoka ndani ya karai lile. Ndiyo maana darasani wananiita Chipsi. Sijali. Mtu haoni haya kwa kinachomlisha.

Mama ana sheria moja ambayo haivunji. Mafuta yakishakuwa meusi na kuanza kutoa povu, hayakaangi tena.

"Mafuta nayo huchoka kama watu," husema. "Ukimlazimisha aliyechoka afanye kazi, atakuharibia."

Zamani tulikuwa hatujui pa kuyapeleka hayo mafuta yaliyochoka. Ukiyamwaga mtaroni, mtaro unaziba. Ukiyamwaga uani, hapaoti hata jani. Kwa hiyo shule yetu ilipopata basi linalotumia nishati ya mimea, mama alifurahi kuliko mwalimu mkuu mwenyewe. Karakana ya jirani iliyachuja na kuyasafisha mafuta machakavu ya vibandani, ikayageuza kuwa mafuta ya kuendeshea basi. Dereva alikuwa akipita na dumu lake, mama anamjazia, wanacheka, basi linaondoka. Ubavuni liliandikwa kwa rangi ya kijani: BASI RAFIKI WA MAZINGIRA. Mambo yangebaki hivyo, nisingekuwa na hasira hii niliyo nayo.

Tatizo ni kwamba mafuta machakavu hayakutosha. Basi lilitembea siku mbili, likalala siku tatu. Mwalimu mkuu hakupenda. Wageni walikuwa wanakuja kulitazama basi, sasa uwaoneshe basi lililolala? Ndipo mwalimu wetu wa sayansi, mama mmoja mchangamfu tunayempenda sana, alipobuni mashindano. Kila darasa lilete mafuta yaliyotumika. Darasa litakaloleta mengi zaidi litapelekwa na basi hilohilo kwenda kuona maporomoko ya maji.

Darasa zima lilipiga makofi. Na mimi nilipiga. Maporomoko nimeyaona kwenye kalenda tu.

Wiki ya kwanza tulileta vichupa vidogo, maana nyumba ya kawaida haibakizi mafuta mengi. Yanaishia kwenye mboga. Wiki ya pili ghafla zikaanza kuja chupa kubwa, zimejaa hadi shingoni, nyeusi tii. Aliyeongoza kwa kuleta alikuwa kiongozi wetu wa darasa. Tunamwita Mheshimiwa, kwa sababu hutembea ameweka mikono nyuma kama anakagua gwaride.

"Nyumbani kwenu mnakaanga nini, tembo?" nilimuuliza.

"Wewe leta yako, Chipsi," alinijibu. "Mwenye karai kubwa ndiye anayeleta kidogo. Huoni aibu?"

Maneno yale yaliniuma.

Wiki hiyohiyo mama alinituma dukani kununua mafuta. Mwenye duka alikuwa amekaa kwenye kiti chake, rafu ya mafuta nyuma yake tupu.

"Shikamoo, mjomba. Naomba mafuta ya kupikia."

"Marahaba, mwanangu. Yameisha. Yaliyokuja jana hayakufika jioni. Sijui mtaani kuna harusi ngapi mwaka huu!"

Nilienda duka la pili, nikaambiwa hivyohivyo. La tatu walikuwa nayo, lakini bei ilikuwa imepanda hadi mama aliponiona narudi na chupa ndogo alidhani nimedondosha pesa njiani. Siku iliyofuata bei ikapanda tena. Mama akaanza kuyanyoosha mafuta yake. Aliyachuja kwa kitambaa, akayaongezea tone la mapya, akayarudisha jikoni. Siku ya kwanza hakuna aliyesema kitu. Siku ya pili fundi baiskeli, mteja wetu wa kila mchana, alitafuna kiazi polepole, akameza kwa shida.

"Mama, usinielewe vibaya," alisema. "Viazi ni vya leo, lakini ladha ni ya juzi."

Watu walicheka. Mama hakucheka. Usiku huo mdogo wangu aliumwa tumbo, akatapika, na mama akakaa naye hadi alipolala. Asubuhi nilipotoka kwenda kukaa juu ya ndoo yangu, jiko lilikuwa halijawashwa. Karai limefunikwa.

"Leo hatukaangi, mama?"

"Hatukaangi mpaka nipate mafuta ya kweli. Siuzi ugonjwa."

"Na kodi ya chumba?"

"Nenda shule, mwanangu," alisema, na hakuniangalia.

Siku hiyo sikusikia lolote lililofundishwa. Baada ya masomo Mheshimiwa alikuwa na kitabu changu cha hesabu, nikamfuata kwao kukichukua. Nilipiga hodi mbele, hakuna aliyejibu, nikazunguka nyuma. Pale uani nilikuta nusu ya darasa langu. Wamepindua masufuria ya mama yake, matako juu, wanakwangua masizi kwa vijiko. Mmoja anakwangua, mwingine anayapokea kwenye karatasi, wa tatu anayamimina ndani ya chupa ya mafuta mapya, karatasi ya dukani bado imebandikwa. Mheshimiwa mwenyewe alikuwa akitikisa chupa kwa nguvu, mafuta ya dhahabu yakawa meusi machoni pangu. Nikaelewa kwa nini masufuria ya mtaa mzima yalikuwa yanang'aa siku zile.

"Mnafanya nini?" Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

"Punguza sauti," alisema Mheshimiwa. "Tunatengeneza ushindi."

"Hayo ni mafuta mapya! Hayajakaanga hata yai!"

"Kwani basi linajua? Linaonja? Yakiwa mapya yanaungua, yakiwa machakavu yanaungua. Tena ni mafuta ya mimea, hayachafui mazingira. Mwalimu mwenyewe alisema."

"Mama amefunga kibanda kwa sababu hakuna mafuta madukani. Mdogo wangu ametapika kwa kula viazi vya mafuta mabovu. Mnaelewa mnachofanya? Mapya yanakwenda kwenye basi, machakavu yanabaki matumboni mwetu!"

Walitazamana. Msichana mmoja aliweka kijiko chini. Mheshimiwa alikaza uso.

"Darasa la sita nao wamechanga pesa, wanafanya hivihivi. Ukisema, hatuendi maporomoko. Wote hatuendi, hata wewe. Fikiria vizuri."

Nilifikiria. Nilifikiria njia nzima hadi nyumbani, na kadiri nilivyofikiria ndivyo nilivyozidi kukasirika. Nilimweleza mama kila kitu. Nilitegemea atafunga kanga kiunoni aende kwa kina Mheshimiwa. Badala yake alitikisa kichwa.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," alisema. "Nilipoona lile basi linapitapita kujionesha kwa wageni, ilifaa nishtuke mapema. Kamwambie mwalimu wako. Kwa adabu, lakini mwambie yote."

Kesho yake, Ijumaa, nilimkuta mwalimu wa sayansi ndani ya stoo. Alikuwa akipanga chupa kwenye meza ndefu, kila darasa na upande wake, huku akiimba kwa furaha. Nilimsalimia, nikamweleza.

Furaha ilimtoka usoni, lakini hakuniamini mara moja. "Hili ni jambo zito. Una hakika si kwa sababu chupa zenu ni chache?"

Machozi yalinijia kwa uchungu. Mimi, wa kuonea wivu chupa za masizi!

"Mwalimu, mimi nimekulia kando ya karai," nilisema. "Mafuta yaliyokaanga viazi hunuka viazi, na weusi wake hautoki, umo ndani kwa ndani. Haya yamewekewa masizi, na masizi ni mazito. Naomba jambo moja tu. Funga stoo, mtu asizitikise hizi chupa hadi Jumatatu."

Alishusha chupa aliyoishika, akachukua kufuli.

Jumatatu, wakati wa gwaride la asubuhi, aliwaita wavulana wakubwa waitoe meza ile nje taratibu, na chupa zikiwa juu yake. Chupa karibu zote zilikuwa na matope meusi chini, na juu yake mafuta ya manjano, maangavu kama yalivyotoka dukani. Chache tu, za mwanzo kabisa, ndizo zilizobaki kahawia juu hadi chini. Mheshimiwa alitoa mikono mgongoni, akawa hajui pa kuiweka.

Mwalimu mkuu alikohoa. "Basi, tumeona. Watoto wamekosea, wataadhibiwa. Lakini mafuta ni mafuta. Yachujwe, basi liendelee. Wageni wanakuja wiki hii."

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilijikuta nimetoka mstarini.

"Samahani, mwalimu mkuu. Haya hayakuwa uchafu, yalikuwa chakula. Yametiwa masizi, hakuna mtu atakayeyala tena. Mama yangu hana cha kukaangia. Tukiyaweka kwenye basi na kuwaonesha wageni, tutakuwa tunawaonesha nini?"

Nilisikia mnong'ono nyuma yangu. Mwalimu mkuu alifungua kinywa, lakini mwalimu wa sayansi alimtangulia.

"Njia ya mwongo ni fupi, na ya hawa watoto imeishia juu ya meza hii," alisema. "Ila mwanzo wake ni mimi. Nilitoa zawadi kwa mafuta machakavu, nikashangaa mafuta machakavu yanazaliana. Mwalimu mkuu, naomba nisahihishe somo langu mbele ya wote."

Mwalimu mkuu alisita, kisha akampisha.

Mwalimu aliinua chupa moja ya kahawia. "Haya yalishafanya kazi yake jikoni. Yangemwagwa, yangeziba mtaro. Kuyaweka kwenye basi ni faida tupu." Akaishusha, akainua ya manjano yenye matope. "Haya je? Ili yapatikane, kuna shamba limelimwa, pengine msitu ulikatwa kupata hilo shamba. Kuna trekta limeunguza dizeli, kuna mbolea, kuna kiwanda, kuna lori lililoyaleta dukani. Moshi wake ulianza zamani, kabla basi halijawashwa. Halafu, juu ya hayo, tumemnyang'anya mtu chakula. Mimi niliwafundisha kutazama moshi unaotoka nyuma ya basi. Sikuwafundisha kuuliza kilichoingia ndani kimetoka wapi, na kimemkosesha nani. Nishati ya mimea si nzuri kwa jina lake. Ni nzuri kwa asili yake."

Mashindano yalifutwa papo hapo. Mafuta yaliyoharibiwa yalipelekwa karakana, kwa kuwa hayakufaa kwa kingine, na wote waliotia masizi walitumwa na barua kwa wazazi wao, kisha wakasugua maandishi ya kijani ubavuni mwa basi hadi yakatoka. Mwalimu mkuu alitangaza utaratibu mpya, japo kwa uso wa mtu anayemeza dawa chungu. Basi litatumia mafuta machakavu ya vibandani pekee. Yakipungua, wanaokaa mbali watabebwa kwa dizeli, na shule itasema wazi kwamba ni dizeli. Wanaokaa karibu watatembea.

Mheshimiwa anakaa karibu. Nilimwona asubuhi moja anatembea, vumbi hadi magotini. Sikumwonea huruma hata kidogo. Lakini aliposimama kibandani kwetu akamwambia mama, "Samahani, mama, sikujua," mama alimwitikia vizuri, akampa kisu na ndoo ya viazi amenye. Maganda yake yalikuwa manene kuliko viazi vyenyewe. Nilimcheka waziwazi.

Haikuwa siku ile ile, lakini mafuta yalirudi madukani, bei ikashuka, na mama akafunua karai. Fundi baiskeli alirudi, akala sahani mbili bila kusema neno, na kwake hiyo ni sifa kubwa.

Juzi basi lilisimama mbele ya kibanda. Dereva alishuka na dumu, mwalimu wa sayansi nyuma yake, na sisi wanafunzi tulikuwa tumejazana pale tukisubiri viazi.

"Habari za kazi, mama?" alisema mwalimu. "Leo kuna chochote kwa ajili ya basi?"

Mama alichota mafuta kwa upawa, akayainua kwenye mwanga. Yalikuwa ya dhahabu.

"Leo hakuna, mwalimu. Haya bado yana nguvu. Labda mpite keshokutwa."

"Lakini, mwalimu," alilalamika mtoto mmoja mdogo, "basi litabaki limesimama!"

"Acha lisimame," alisema mwalimu, akamwashiria dereva arudishe dumu tupu ndani ya basi. Kisha akatugeukia sote. "Sikilizeni, na hili msilisahau hata mkishakuwa wakubwa na magari yenu. Basi ndilo linalosubiri karai. Siku mtakapoona karai linasubiri basi, jueni kuna nyumba imelala na njaa, hata kama basi hilo limepakwa rangi ya kijani hadi kwenye matairi."

Akanunua viazi vyake, akaanza kutembea kuelekea shuleni, na sisi tukamfuata.