Herufi ya Ndani

Jua lilikuwa linazama nilipofika yadi kuchukua gari la binti yangu. Yeye ni mkunga. Hutoka kazini usiku kwa miguu, na mwezi uliopita alivamiwa njiani. Gari hilo ndilo lingekuwa usalama wake.

Muuzaji, ambaye yadi nzima humwita Tabasamu, alinionyesha karatasi ya mnada wa Japani, ile inayopima hali ya gari.

"Gredi ya nne, mzee wangu. Chuma kimetulia hicho!"

"Nne ni ya gari zima," nilisema. "Herufi hii ni ya ndani. Gari la gredi ya nne, ndani huwa B, likichoka sana C. Mbona hili ni D?"

"Harufu tu, mzee. Tumeliosha."

Nilikagua viti kimoja kimoja. Hapakuwa na doa, mchaniko, wala tundu la sigara. Nikapokea ufunguo.

Nilipoingia barabarani, harufu ikaja. Nywele mbichi... zilizolowa siku nyingi.

Kisha kengele ndogo.

Ti... ti... ti...

Taa ya mkanda wa abiria ilikuwa inawaka. Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu. Nikakigusa.

Kilikuwa na joto.

Kengele haikunyamaza. Foleni iliposimama, nikauvuta mkanda, nikaufunga juu ya kiti kitupu. Kimya. Lakini mkanda haukulala. Ulibaki umetuna, kama umezunguka kifua.

Ukapanda. Ukashuka.

Ukapanda...

Sijui nilifikaje nyumbani. Binti yangu alitoka mbio akicheka, akashika mlango wa abiria.

"Usifungue," nilinong'ona.

"Baba! Umemfungia nani mkanda?"

"Rudi ndani, mama. Tafadhali."

Asubuhi nililirudisha. Binti yangu alikataa niende peke yangu. Alikaa nyuma, akinitania njia nzima kwamba uzee umenipanda kichwani. Kengele haikulia. Hata harufu haikuwapo.

Tabasamu hakutabasamu. Alipokea ufunguo bila ubishi.

"Wewe ni wa tatu kulirudisha," alisema kwa sauti ya chini. "Leo limelia?"

"Hapana."

Akafumba macho.

"Basi ameshashuka."

Sikumwelewa. Tukachukua teksi kurudi nyumbani, mimi dirisha hili, binti yangu dirisha lile. Dereva alitutazama kwenye kioo.

"Samahani, mzee. Mbele kuna askari wa barabarani. Mwambie dada wa katikati afunge mkanda."

Binti yangu aliacha kucheka.

Nilishusha mkono polepole kwenye nafasi iliyokuwa kati yetu...

Joto.

Leo binti yangu ana zamu. Atarudi usiku kwa miguu, kama zamani. Nimekaa dirishani tangu giza liingie, nikiomba jambo ambalo sikuwahi kudhani mzazi anaweza kuliomba.

Naomba arudi peke yake.