Mikono ya Kali

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi rangi, wala si mtu wa kutia chumvi. Aliitwa hekaluni kumpaka upya Kali, mungu mama wa Wahindu, sanamu yenye mikono minne. Kuhani alimwonya, “Macho yapake mwisho, mimi nikiwepo.”

Mume wa dada yake fundi, aliyemshikia ngazi, akatazama saa yake ya mkononi, akacheka. “Maliza, shemeji. Mwanamke hanitishi mimi. Jana dada yako nilimng'oa meno mawili kwa mkono huu.”

Kuhani alikuwa ametoka. Fundi alichovya brashi, akampaka Kali macho.

Taa zikazimika. Chumba hakikuwa na dirisha. Alisikia mfupa ukivunjika, kisha yowe. Taa ziliporudi, shemeji alikuwa akigaragara kwenye damu, mkono mmoja haupo.

Fundi akahesabu mikono ya Kali, akapata mitano. Wa tano ulivaa saa, nayo ilikuwa bado inatembea.