Picha Iliyojituma

Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na mchana ule Kipanga alikuwa ameinama kati ya viti katika ukumbi wa uwanja wa ndege, goti likimuuma, kamera jichoni. Kazi yake ilikuwa kuwavizia watu mashuhuri na kuwapiga picha kabla hawajajiweka sawa, na wenzake walimpa jina la Kipanga kwa kuwa hakosi windo. Mwimbaji aliyesubiriwa na jiji zima alipotokeza mlangoni, Kipanga akabonyeza. Alichopata ni mwavuli mwekundu.

Aliyeushika alikuwa msichana mrefu mwenye gauni la bluu, tepe ya kupimia ikining'inia shingoni. Huyo ndiye fundi wa nguo wa mwimbaji, na kuziba kamera kulikuwa nusu ya kazi yake.

"Umeniharibia, dada."

"Mvua ikinyesha utanishukuru."

"Humu ndani?"

"Mimi ni mtu wa tahadhari."

Kipanga akacheka, jambo asilolizoea akiwa kazini. Alipoomba namba ya simu aliambiwa kwamba anayeweza kumfuata mwimbaji hadi saluni hashindwi kutafuta namba ya fundi. Jioni ile ile akapiga.

Wakapendana, japo kumpenda Kipanga kulihitaji pumzi. Simu ikilia aliacha chakula mezani na sentensi nusu, akatoka mbio. Fundi alimtania kwamba ana siafu ndani ya viatu. Walikuwa na sharti moja tu: Kipanga hatauliza habari za mwimbaji, wala fundi hatazisema. Kwa miezi mitano walilishika.

Asubuhi moja Kipanga alipitia chumba cha kushonea nyuma ya ukumbi wa maonyesho, kamera shingoni, kumpelekea fundi miwani aliyoisahau. Akamkuta kwenye mwanga wa dirisha, pini mdomoni. Akampiga picha moja.

"Ifute, nina pini mdomoni."

"Hii ni yangu peke yangu, mpenzi."

Haikuwa yake. Kamera za watu wa kazi ile hutuma kila picha gazetini papo hapo, maana anayechelewa dakika moja amepitwa, na Kipanga alisahau kuuzima utumaji huo. Mhariri aliikuza. Nyuma ya fundi palikuwa na kioo, na ndani ya kioo alionekana mwimbaji, ambaye nywele zake zilisifiwa na kila mtu, ameketi bila unywele hata mmoja kichwani. Kipanga alimsihi mhariri aifute. Mhariri akampongeza.

Kufikia saa sita picha ilikuwa kwenye kila simu, na fundi alikuwa amefukuzwa baada ya miaka sita. Mwimbaji alimwambia kwamba kikulacho ki nguoni mwako, akafunga mlango. Kati ya simu za Kipanga, fundi alipokea moja tu.

"Ulisema ni yako peke yako."

"Ilijituma, mpenzi. Nilisahau kuzima..."

"Kama ulikuwa unakipenda kioo, ungeniambia nikuuzie."

Kipanga akaenda nyumbani kwa fundi. Shangazi aliyemlea fundi alimsikiliza mlangoni bila kumkaribisha.

"Mwanangu, mimi nakuamini. Lakini kazi yake imekwenda na jina lake limekwenda. Ukitaka atoke huko chumbani, rudisha hata kimoja."

Siku mbili Kipanga alizunguka jiji kama kuku anayetaka kutaga. Siku ya tatu aliiacha kamera nyumbani, akaenda kwenye geti la mwimbaji, ambako wenzake zaidi ya ishirini walikuwa wamepiga kambi. Akabonyeza kengele, akamwambia mlinzi ana neno kuhusu fundi. Mlinzi akarudi na jibu: kama ana neno, aliseme mbele ya hao hao.

Kipanga akageuka. Hakuwahi kusimama upande ule. Macho ya vioo ya kamera zaidi ya ishirini yalimwelekea.

"Ile picha niliipiga mimi," alisema. "Fundi hakuuza siri. Mimi ni mpenzi wake, aliniamini, na uzembe ni wangu."

Wenzake hawakumhurumia, mmoja alimwomba ainue kidevu. Kabla hajafika kituo cha basi, mhariri alikuwa amemfuta kazi.

Kesho yake simu ililia.

"Nimekuona gazetini," fundi alisema.

Kipanga akakaa kitandani. "Nimetokaje?"

"Vibaya. Shati halina kifungo cha pili, na kidevu juu kama mbuzi."

"Nisamehe, mpenzi."

"Mwimbaji amenipigia, ameniomba radhi. Kurudi bado nafikiria. Na wewe bado sijakusamehe. Njoo na hilo shati nikushonee kifungo, maana kukukasirikia kwa mbali kumenichosha."

Kipanga alikuwa ameshafika ngazini.