Stesheni ya Mjini Isiyo Mjini

Huyu ni Nyemo. Ana miaka sita. Leo amevaa soksi, kwa sababu leo anapanda treni.

Huyu ni Baba yake Nyemo. Amevaa suti na viatu vipya. Viatu vinalia: kwi, kwi, kwi.

Mama hayupo. Alikwenda mji wa Isanze, hospitalini, kusubiri mtoto azaliwe. Juzi mtoto alizaliwa.

Nyemo hajamwona Mama kwa siku tisa. Siku tisa ni nyingi. Zihesabu kwa vidole, utabakiwa na kidole kimoja tu.

"Hospitali wanafunga geti saa kumi na mbili jioni," alisema Baba. "Tukichelewa, tutamwona Mama kesho."

"Sitaki kesho," alisema Nyemo. "Nataka leo."

"Leo utamwona! Treni mpya ni dakika ishirini tu," alisema Baba. "Zamani tulipanda basi bovu, saa tatu nzima. Likatushusha mlangoni kabisa pa hospitali. Taabu tupu!"

Treni ikaja. Vuuuuu!

Miti ikakimbia. Ng'ombe wakakimbia. Nyemo akapiga chafya moja, chya! Alipofumbua macho, wamefika.

Ilikuwa saa nane mchana. Geti linafungwa saa kumi na mbili. Muda ulikuwa wa kumwaga.

Stesheni ilikuwa nzuri, jamani, nzuri mno! Sakafu iling'aa. Ngazi za umeme zilipanda zenyewe, zikashuka zenyewe, na juu yake hapakuwa na mtu.

Ukutani kulikuwa na herufi kubwa. Baba akamsomea Nyemo: "ISANZE MJINI."

Nyemo akautafuta mji.

Kulia kulikuwa na nyasi. Kushoto kulikuwa na nyasi. Mbele kulikuwa na nyasi, na mbuzi mmoja.

"Meee," alisema mbuzi.

"Baba, mji uko wapi?"

"Upo, mwanangu. Mji hauendi popote. Kwanza picha!"

Baba akasimama kando ya treni. Akavuta suti. Akatabasamu. Nyemo akapiga picha kwa simu ya Baba. Ka-chik!

"Hapa nimefumba macho," alisema Baba. "Piga tena."

Ka-chik!

"Hapa tumbo limetokeza. Piga tena."

Ka-chik!

"Hapa kuna mbuzi. Piga tena."

Abiria wengine wote walikimbia kwenda nje. Nyemo akawaona. Walikuwa wanapanda basi.

"Baba, basi."

"Ngoja kidogo, mwanangu."

"Baba, basi linajaa."

"Moja tu ya mwisho."

Prrrrr! Basi likaondoka.

Picha ya kumi na nne ilitoka vizuri sana. Baba alipendeza. Halafu simu ikalia, tiii, ikazima. Chaji imekwisha.

Sasa hapakuwa na basi. Hapakuwa na simu. Alikuwepo Nyemo, alikuwepo Baba, na alikuwepo mbuzi.

Mkuu wa Stesheni akatoka ofisini. Alikuwa na kofia safi na filimbi shingoni.

"Shikamoo," alisema Nyemo.

"Marahaba, mtoto mzuri."

"Basi lingine linakuja saa ngapi?" aliuliza Baba.

"Kesho, saa mbili asubuhi," alisema Mkuu wa Stesheni. "Basi letu halichelewi kamwe."

"Na mji uko mbali?"

Mkuu wa Stesheni akacheka. Akauonyesha mji kwa mdomo, kule kwenye vilima. "Mbali? Wala! Ni hapo tu!"

Basi, wakaenda.

Kwi, kwi, kwi, vilikwenda viatu vya Baba. Taf, taf, taf, vilikwenda viatu vya Nyemo.

Wakatembea, wakatembea, wakatembea.
Hapo tu hapakuonekana.

Saa tisa ikafika. Stesheni ikawa ndogo nyuma yao. Mji haukuwa mkubwa mbele yao. Mji haukuwepo kabisa.

Baba akavua koti. Halafu akavua tai. Halafu akakaa juu ya jiwe, akavua kiatu cha kulia, akakitazama kwa huzuni.

Kwata, kwata, kwata. Ni nini hicho? Ni punda! Punda anavuta mkokoteni uliojaa madumu ya maji. Juu ya madumu amekaa mama mmoja mnene, ana kanga ya njano.

"Shikamoo, mama," alisema Nyemo. "Mji uko mbali?"

"Marahaba, mwanangu. Hata! Ni hapo tu! Pandeni, niwasogeze. Mimi naitwa Mama Chiku, na huyu punda anaitwa Jeti."

Nyemo akamtazama Jeti. Jeti alikuwa anasinzia.

"Kwa nini anaitwa Jeti?"

"Kwa sababu ya mwendo wake," alisema Mama Chiku, na hakucheka.

Wakapanda. Jeti akapiga hatua moja. Akafikiri. Akapiga hatua ya pili.

Kwata. Kwata. Kwata.

"Mama Chiku, hawezi kukimbia?" aliuliza Nyemo.

"Haraka haraka haina baraka, mwanangu."

Kipepeo akawapita. Halafu kobe akatokea kando ya njia. Kobe naye akawapita. Baba aligeuza uso, akajifanya hajamwona.

Wakaenda, wakaenda, wakaenda.
Hapo tu hapakuonekana.

Saa kumi ikafika. Mama Chiku akasema, "Prrr! Mimi nakata kona hapa, napeleka maji kwangu. Ninyi nyoosheni."

"Bado ni mbali?" aliuliza Baba.

"Ni hapo tu!" alisema Mama Chiku. Akanyoosha mdomo, akanyoosha, akanyoosha.

Baba akashukuru sana. Wakashuka, wakaanza tena kutembea.

Nyemo akaburuta miguu. Alikuwa hataki kulia, kwa sababu amevaa soksi, na mtu aliyevaa soksi ni mkubwa. Lakini machozi hayajui soksi. Yakaja.

"Ninamtaka Mama," alisema Nyemo.

Baba akachuchumaa. Akamfuta machozi kwa tai.

"Na mimi ninamtaka," alisema Baba. "Kosa ni langu, mwanangu. Picha kumi na nne ni nyingi."

"Ni nyingi sana," alisema Nyemo.

Baba akambeba mgongoni.

"Baba, kwa nini kila mtu anasema ni hapo tu? Si kweli!"

"Ah, ile ni adabu," alisema Baba. "Ukimwambia msafiri ni mbali, miguu yake inachoka kabla ya kuanza. Kwa hiyo watu wanamwonea huruma."

Nyemo akafikiri. Miguu ya Baba ilikuwa imechoka hata hivyo, pamoja na huruma yote hiyo.

Mbele yao akatokea mwanamume mmoja. Alikuwa anakimbia na begi kubwa. Jasho lilimtoka, tiri, tiri, tiri.

"Samahani, kaka!" aliita yule mwanamume. "Ninawahi treni ya jioni. Stesheni iko mbali?"

Baba akafungua mdomo.

Nyemo akangoja.

"Wala!" alisema Baba. "Ni hapo tu!"

Yule mwanamume akafurahi. Akashukuru, akakimbia. Nyemo akamtazama akienda, akawa mdogo, mdogo, mdogo.

"Baba!"

"Nini?" alisema Baba. "Ungetaka nimvunje moyo?"

Wakatembea, wakatembea, wakatembea.
Hapo tu hapakuonekana.

Du-du-du-du-du! Trekta! Lilikuwa trekta jekundu, na nyuma yake trela lililojaa maboga. Dereva alikuwa kijana mwenye kofia ya pama. Akasimama bila hata kuulizwa.

"Mmetoka stesheni, eh?" alisema. "Niliwajua kwa suti. Pandeni kwenye maboga!"

"Mji uko..." Baba alianza.

"Usiulize!" alisema Nyemo. "Baba, usiulize. Tupande tu."

Wakapanda. Nyemo akakaa juu ya boga. Baba akakaa juu ya suti yake.

Du-du-du-du-du! Maboga yakaruka. Nyemo akaruka. Baba akaruka, akasema, "Aii!"

Halafu Nyemo akaona paa. Paa moja. Mapaa mawili. Mapaa mengi! Akaona ghorofa, na mnara wa simu, na moshi wa mahindi ya kuchoma.

"Mji!" alipiga kelele Nyemo. "Baba, mji upo!"

"Nilikwambia," alisema Baba.

Trekta haliruhusiwi kuingia mjini. Likawashusha kwenye mzunguko wa barabara. Saa ya mzunguko ilionyesha saa kumi na mbili kasoro dakika kumi.

Dakika kumi tu!

"Kimbia, Nyemo!"

Wakakimbia. Kwi-kwi-kwi-kwi! Taf-taf-taf-taf! Wakapita duka la magodoro. Wakapita kinyozi. Wakapita muuza ndizi. Baba akavua viatu, akavishika mkononi, akakimbia na soksi. Watu wakamtazama mtu wa suti na soksi. Nyemo hakujali. Mbele kulikuwa na geti la bluu.

Mlinzi wa hospitali alikuwa amesimama getini. Mkononi alikuwa na kufuli.

"Ngoja!" aliita Nyemo. "Ngoja, tafadhali! Shikamoo!"

Lakini mlinzi hakumsikia. Alikuwa anazungumza na mtu. Alikuwa anazungumza na mwanamke mmoja mwenye begi begani, na kitu kidogo kilichofungwa ndani ya kanga.

"Mume wangu na binti yangu walitakiwa kufika tangu mchana," alikuwa anasema yule mwanamke. "Simu haipatikani. Mimi daktari ameshaniruhusu. Nataka kwenda kuwatafuta stesheni. Ni mbali, kaka?"

Mlinzi akatabasamu. Alikuwa mtu mwenye adabu sana. Akanyoosha mdomo.

"Mbali? Wala, dada yangu! Ni hapo..."

"SIYO!" alipiga kelele Nyemo. "Mama, siyo hapo! Ni mbali! Ni mbali mno! Usiende!"

Mlinzi akabaki na mdomo wake umenyooka.

Mama akageuka. Begi likaanguka, puu! Nyemo akaficha uso tumboni kwa Mama, akamshika kwa nguvu zote. Mama alinukia sabuni na maziwa.

"Nyemo wangu," alisema Mama. "Nyemo wangu, Nyemo wangu." Akalia kidogo. Nyemo naye akalia kidogo, na soksi zake amevaa.

Baba akafika. Alikuwa anahema, hah, hah, hah.

"Treni..." alisema Baba. "Treni ni nzuri sana. Dakika ishirini tu!"

Mama akaitazama suti. Akaitazama miguu. Akavitazama viatu mkononi.

"Naona," alisema Mama.

Mama akafunua kanga polepole. Ndani kulikuwa na mtoto. Alikuwa mwekundu kidogo na amekunja ngumi, utadhani kuna mtu kamuudhi.

"Huyu ni mdogo wako," alisema Mama. "Hana jina bado. Tulikuwa tunawasubiri ninyi."

"Tumwite Treni!" alisema Baba.

Mama akamtazama Baba. Mtoto akaanza kulia. Jambo hilo likaishia hapo.

Usiku ule hawakwenda popote. Walilala kwa shangazi yake Nyemo, nyumba inayotazamana na hospitali. Wakala ugali na mlenda. Baba akatia miguu yake ndani ya beseni la maji ya moto, akasema "Aaah," kisha akalala palepale, kwenye kiti.

Nyemo akalala kitandani na Mama. Upande wa pili alilala mtoto asiye na jina, anapumua fuu, fuu, fuu.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Ulikaa siku tisa."

"Najua. Hata mimi nilizihesabu."

Nyemo akavua soksi zake. Akauweka mguu wake juu ya mguu wa Mama, ili Mama asiondoke tena. Akaubana.

Mama hakuondoka.