Rudi Kidogo

Pampu ya maji ya kituo cha walinzi wa msitu, kule juu mlimani, ilikufa mchana. Jua lilipoanza kuzama, mimi na shemeji yangu tulikuwa tayari njiani. Yeye ni fundi pampu, mume wa dada yangu wa pekee. Mimi dereva.

Kipande cha mwisho cha njia kinapita juu ya kigongo cha mlima. Upana wake ni gari na kiatu kimoja. Kushoto korongo, kulia korongo. Nikatia gia nzito, magurudumu yote manne yakavuta, tukapanda kwa mwendo wa kinyonga.

"Ukinimwaga huku," shemeji akasema, "dada yako atakuzika mzimamzima."

Tukacheka. Ukungu ukashuka.

Penye bamba la mwamba, gurudumu la nyuma likaanza kuteleza. Ilinuka harufu ya mpira ulioungua... na chini yake harufu nyingine, tamu, kama nyama iliyosahauliwa kwenye gunia. Shemeji akashuka na tochi.

"Naweka jiwe mbele ya gurudumu lipate kushika. Usiachie breki mpaka nikuite nikiwa mbele. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Nikamsikia akijilaza chini, akihema, akisukuma jiwe.

Kisha mwanga ukawaka mbele, ndani ya ukungu.

"Njoo, shemeji."

Sauti yake. Nikaachia breki.

"Simama!"

Hiyo ilitoka chini ya miguu yangu.

Nayo ilikuwa sauti yake.

Nikakanyaga breki.

"Usisimame!" ikasema ya mbele. "Gari litateleza korongoni! Kanyaga mafuta!"

Niseme ukweli. Wakati ule sikumfikiria yeye. Nilijifikiria mimi. Nikakanyaga.

Gurudumu likapanda kitu.

Hakikuwa jiwe.

"Rudi kidogo," ikanong'ona ya mbele.

Nikarudi.

"Basi... Inatosha."

Mwanga wa mbele ukazimika. Nikashuka. Tochi ya shemeji ilikuwa chini ya gari, mkononi mwake, bado inawaka.

Mlinzi wa kituo alifika mbio kwa kelele zangu. Hakuuliza kilichotokea.

"Ilikuambia urudi?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akafumba macho.

"Yeye hagusi mtu. Anataka umalize mwenyewe."

Kisha akaenda kuita polisi.

Polisi waliandika kuwa ni ajali. Siku ya tatu baada ya mazishi, dada aliniita jikoni, akafunga mlango. Alikuwa anafuta kikombe ambacho kilishakauka zamani.

"Kaka, simu ya mume wangu ilijipiga ikiwa mfukoni. Nilisikia yote."

Nusura nimkumbatie. Siku zote hizo nilikuwa nadhani nimerukwa na akili, kumbe nina shahidi.

"Basi ulimsikia! Yule wa mbele, aliyekuwa anasema njoo, anasema rudi kidogo..."

"Nilimsikia." Alizidi kufuta kikombe. "Mume wangu alikuwa analia, simama, simama. Na huyo mwingine alikuwa anaongea taratibu tu, kama anambembeleza mtoto."

"Umeona, dada? Umeona sasa?"

Akaniangalia machoni kwa mara ya kwanza tangu tumzike.

"Ile sauti ilikuwa yako, kaka."